Kujitolea kwa Manufaa ya Nani?

Neno "kujitolea" ni zuri mno, na ndiyo maana halikosi wa kulitumia vibaya.

Kila Jumapili, katika sharika za Usambara, mabinti waliomaliza shule juzi huwakusanya watoto chini ya mti au nyuma ya kanisa na kuwafundisha kusoma, kuimba na kusali. Somo wameliandaa usiku, baada ya jembe na kuni. Ibada ikiisha, mnada huanza: kabichi hupata bei, kuku hupata bei. Kazi ya binti yule haina bei. Hupewa makofi.

Tusidanganyane kwamba hii ni desturi takatifu. Wamisionari wa Kijerumani walipoanzisha kituo cha Mlalo mwaka 1891, walitegemea walimu wenyeji. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari hao, walimu Waafrika ndio waliozishika sharika zisisambaratike. Historia inawataja wanaume hao, na inastahili kuwataja. Lakini nani aliwalea watoto wa sharika hizo katika imani? Kwa mabinti na mama zao, kalamu ya historia iliishiwa wino.

Mwaka 1990 KKKT iliridhia wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Hata hivyo, mlango wa madhabahu ukifunguliwa huku mwalimu wa watoto akibaki nje ya chumba cha maamuzi, haki imefika nusu ya njia.

Najua nitajibiwa: kazi ya Mungu hailipwi. Mbona fundi aliyepaua kanisa alilipwa? Naye anayetaka hoja ya Maandiko afungue Luka 10:7.

Watumishi wa serikali msicheke pembeni. Mhudumu wa afya wa kijijini anayezunguka milimani kwa fulana na ahadi ni dada wa binti huyu. Kanisa na dola wamejifunza hesabu moja: kazi ya kulea ikifanywa na mwanamke, iandikwe sifuri.

Sidai mishahara minono. Nadai mambo matatu ambayo usharika wowote unaweza kuyaamua mwaka huu: kiti cha walimu hawa katika baraza la wazee, mafunzo yenye cheti, na posho iliyoandikwa kwenye bajeti.

Kujitolea ni uamuzi wa anayetoa. Anayepokea akiugeuza kuwa wajibu, huo ni unyonyaji, hata ukiimbiwa pambio.