Muhogo mchungu hautaki haraka

Katika nyumba nyingi wazazi wanajua kuficha sumu. Dawa ya kunyunyizia mimea huwekwa juu, mbali na mkono wa mtoto. Mafuta ya taa hayatiwi katika chupa ya soda. Hayo ni mambo mazuri. Tuendelee nayo.

Lakini iko sumu nyingine ambayo hatuifichi. Tunaichimba shambani wenyewe. Tunaitwanga katika kinu. Isipotolewa vizuri, tunampakulia mtoto katika sahani. Sumu hiyo imo ndani ya muhogo mchungu.

Usishtuke, ukaenda kung'oa muhogo wako. Muhogo ni chakula chetu. Hapa Ngumbo, na pwani yote ya ziwa hadi Liuli na Mbamba Bay, muhogo umewalisha babu na bibi zetu. Hustahimili mchanga na jua. Muhogo mchungu una faida nyingine pia. Nguruwe mwitu na nyani hawaupendi, na mwizi hawezi kuung'oa akautafuna njiani. Ng'ambo ya ziwa, Nkhata Bay katika nchi ya Malawi, akina mama waliwaeleza watafiti jambo hilo hilo. Walisema wanaupanda kwa sababu unajilinda wenyewe.

Muhogo hujilinda kwa sumu. Kwa hiyo anayetaka kuula lazima kwanza aitoe sumu hiyo. Leo tujifunze namna ya kuitoa, na kwa nini mtoto ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Sumu hiyo ni nini?

Wataalamu wanaiita sianidi. Muhogo ukiwa mzima, sumu imefungwa. Ukiukata, ukiutwanga, au ukiuloweka mpaka ukalainika, sumu hufunguka. Ikifunguka huwa hewa. Hewa hiyo huruka na kwenda zake. Nyingine huondoka na maji.

Kwa hiyo kutoa sumu kunataka mambo mawili. La kwanza ni kuuvunja au kuulainisha muhogo. La pili ni kuipa sumu muda wa kutoka. Muda huo ndio watu wengi wanauiba.

Kuchemsha muhogo mchungu mzima hakutoshi. Moto huua kile kitu ndani ya muhogo ambacho hufungua sumu. Basi sumu hubaki imefungwa humo humo, nasi tunaila. Kuumenya na kuuanika tu juani, bila kuuloweka wala kuuvundika, hakutoshi pia. Makopa yatakuwa makavu na meupe, lakini sumu nyingi itakuwa bado imo.

Ugonjwa wa konzo

Mtu akila sumu nyingi kwa mara moja, huumwa siku hiyo hiyo. Hupata kizunguzungu, kichwa kinauma, anatapika, na nguvu zinamwishia. Anaweza kufa. Mwezi wa Septemba 2017, watu walikula ugali wa muhogo katika Wilaya ya Kasese, Uganda. Watu 98 waliugua. Wawili walikufa. Walipochunguza unga, wataalamu waliikuta sumu ya muhogo.

Lakini mtu akila sumu kidogo kidogo, kila siku, kwa wiki nyingi, huweza kupata ugonjwa mwingine. Unaitwa konzo. Jina hilo lilitoka kwa Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Na ndivyo ulivyo. Mtoto hulala mzima. Asubuhi anataka kuinuka, miguu inatetemeka na kukakamaa. Anatembea kwa vidole, magoti yanagongana. Wengine hawawezi kutembea kabisa bila fimbo. Ugonjwa ukishaingia hauongezeki, lakini hauponi. Mtoto atakuwa hivyo maisha yake yote.

Konzo huwapata hasa watoto waliokwisha kuacha kunyonya, na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Konzo si ugonjwa wa nchi za mbali tu. Mwaka 1981 kulikuwa na ukame katika Jimbo la Nampula, Msumbiji. Watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, konzo ilionekana Tarime, Mkoa wa Mara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilionekana Mkoa wa Mtwara, na tena katika Wilaya ya Mbinga, mkoani kwetu Ruvuma. Wakati huo wilaya ya Mbinga ilifika mpaka ziwani, kwa maana Wilaya ya Nyasa ilikuwa haijaanzishwa. Wagonjwa wa Mtwara na Mbinga kwa pamoja walizidi 200.

Pengine mtu atauliza: nani amewaroga watoto wetu? Ndugu msomaji, hakuna aliyewaroga. Konzo hairogwi. Wala haiambukizi. Mtoto mwenye konzo acheze na wenzake, ale nao, na aende nao shule.

Njaa ndiyo inayotuharakisha

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Kila mahali konzo ilikuja na njaa. Mvua ikikosa, mahindi yanakufa, muhogo unabaki peke yake. Lakini muhogo uliopigwa na jua kali huongeza sumu. Wakati huo huo mama hana akiba. Watoto wanalia. Muhogo uliokuwa unalowekwa siku nne sasa unalowekwa siku moja. Jioni ugali uko tayari.

Nani wa kumlaumu mama huyo? Njaa haina subira. Lakini mara hii maneno ya wazee yanatugusa kweli kweli: haraka haraka haina baraka.

Jambo la tatu ni kitoweo. Mwili una njia yake ya kuitoa sumu hii kwa mkojo. Ili uifanye kazi hiyo unahitaji vyakula vya kujenga mwili, kama samaki, maharage, karanga na mayai. Mtoto anayekula ugali wa muhogo kwa chumvi, au kwa mboga ya majani peke yake, mwili wake hauna silaha. Mtoto anayepata dagaa kila siku, hata kidogo, ana silaha.

Sisi tunakaa kando ya ziwa. Tunavua, tunaanika, tunauza. Ni vizuri kuuza. Lakini usiuze dagaa wote mpaka sahani ya mwanao ikabaki tupu. Na ndugu zetu wa milimani Umatengo wana maharage. Peleka samaki, urudi na maharage.

Namna ya kuloweka

Akina mama wengi wanaifahamu kazi hii. Tuikumbuke hatua kwa hatua.

1. Menya muhogo siku ile ile uliyouchimba. Ukate vipande.

2. Utie katika pipa au ndoo yenye maji. Maji yaufunike wote. Funika chombo, mtoto asiokote kipande na kukila, wala mbuzi asinywe maji yale.

3. Uache siku tatu au nne. Wakati wa baridi, mwezi wa Juni na Julai, uache zaidi. Usihesabu siku tu. Bonyeza kwa kidole. Kidole kikizama, muhogo umeiva. Kisipozama, ngoja.

4. Mwaga maji mbali na watoto na wanyama. Toa nyuzi za katikati. Kamua vizuri.

5. Uvunjevunje na kuuanika juani mpaka ukauke kabisa. Ndipo utwange na kuchekecha.

Kisamvu nacho kina sumu hiyo. Kitwange mpaka kilainike sana. Kisha kichemshe kwa muda mrefu bila kufunika chungu, ili hewa mbaya itoke.

Ukiwa na unga usioujua

Pengine umenunua unga sokoni, nawe hujui aliyeuandaa aliloweka siku ngapi. Au njaa imekubana, na muhogo haukukaa majini vya kutosha. Iko njia ya kupunguza sumu katika unga. Ilibuniwa na mtaalamu wa Australia aitwaye Howard Bradbury. Haihitaji mashine. Inahitaji beseni, maji na mkeka.

Tia unga katika beseni na kuusawazisha. Weka alama ndani ya beseni pale unga ulipofika. Mimina maji kidogo kidogo, huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka chini ya alama. Endelea kumimina mpaka unga uliolowa upande tena na kufika kwenye alama. Hapo maji yametosha.

Sasa utandaze unga huo juu ya mkeka safi. Usiwe mnene kuliko upana wa kidole kidogo. Uache juani kwa saa mbili, au kivulini kwa saa tano. Sumu itatoka kama hewa. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Usiulaze, utachacha.

Njia hii haichukui nafasi ya kuloweka. Mwenye nafasi afanye yote mawili. Mwaka 2010 kijiji cha Kay Kalenge, huko Kongo, kilikuwa na wagonjwa wengi wa konzo. Akina mama walifundishwa njia hii, wakaifuata kila siku. Katika muda wa majaribio hakuna mtu mpya aliyepata konzo. Waliokuwa wamepooza hawakupona, kwa sababu konzo haiponi. Lakini wadogo zao waliokolewa.

Mtoto akiugua

Mtoto akila muhogo, kisha baada ya saa chache akatapika, akalegea, akalalamika kichwa au kizunguzungu, usingoje asubuhi. Mpeleke kituo cha afya upesi. Mweleze mganga alikula nini na saa ngapi. Chukua unga uliobaki, akauone. Waangalie na wengine waliokula naye.

Mtoto akiamka na miguu iliyokakamaa, mpeleke pia. Usimfungie nyumbani. Miguu haitarudi kama zamani, lakini mazoezi na fimbo nzuri vitamsaidia kwenda. Na nyumba nzima ibadili mara moja namna ya kuandaa muhogo, kabla hajapatikana mgonjwa wa pili.

Baba, na wewe unahusika

Kazi ya muhogo tumemwachia mama. Yeye anachimba, anamenya, anachota maji, anatwanga. Akichelewa, sisi ndio tunaouliza ugali uko wapi. Kuuliza huko nako ni haraka. Baba, chota maji. Nunua pipa moja la ziada, ili muhogo wa wiki hii ukiwa majini, wa wiki iliyopita uwe tayari unaliwa. Nyumba yenye unga wa akiba haina sababu ya kukimbizana na muhogo. Panda na mbegu zisizo chungu karibu na nyumba, ambapo utaweza kuzilinda. Muulize bwana shamba wa kata yako ni mbegu gani zinafaa udongo wenu.

Ndugu msomaji, leo jioni fanya jambo moja. Nenda kwenye pipa la muhogo, ubonyeze kipande kimoja kwa kidole. Ikiwa bado ni kigumu, kirudishe majini, kingoje kesho.

Tuzungumze na wenzetu

1. Katika kijiji chetu muhogo hulowekwa siku ngapi? Wakati wa njaa je?

2. Watoto wetu walikula kitoweo gani jana?

3. Nyumba ipi haina pipa la kulowekea, na tunaweza kuisaidia namna gani?