Wapiga Picha, Tusalimiane

Alfajiri moja ya Julai nilikuwa ukingoni mwa Ziwa Singidani nikingoja jua. Upepo wa kipupwe ulivuma kama uvumavyo hapa kwetu, nami nilikuwa nimening'iniza jiwe chini ya stendi ya kamera ili isitikisike. Heroe walikuwa karibu na nchi kavu, midomo ndani ya maji ya magadi, wanakula. Mara kijana akatokea nyuma ya majabali, naye ana kamera shingoni. Aliniona. Hakusalimu. Alishuka mbio ili awahi kabla yangu, na ndege wote wakaruka kwa pamoja wakahamia ng'ambo. Yeye alipata picha ya migongo. Mimi sikupata kitu. Tukabaki pale, watu wawili wa kazi moja, kila mmoja ameinamia kamera yake kana kwamba mwenzake hayupo. Nami niliye mkubwa sikufungua kinywa.

Jambo hili limenikaa moyoni, na leo nataka kuwaambia wenzangu wa kamera, wa Singida mjini, Manyoni, Itigi na Kiomboi, kwamba tunakosea. Twasema "pole na kazi" kwa fundi baiskeli, kwa mama anayechoma mahindi, hata kwa mtu tusiyemjua anayepalilia alizeti kando ya barabara. Mwenzetu mwenye kamera peke yake ndiye tunayempita kama mti.

Sababu yake naijua: ni riziki. Mji wetu si mkubwa, harusi za Jumamosi zinahesabika, mahafali yana msimu wake, na siku hizi kila mwalikwa ana simu inayopiga picha. Aonaye kamera nyingine huona mkono unaoingia katika sahani yake. Sidharau hofu hiyo. Nina watoto wanaosoma kwa kazi hii. Lakini tuipime. Mteja haibiwi ziwani. Mteja huja kwa sababu aliona picha ya dada yake ukutani akaipenda, au kwa sababu ulimkabidhi kazi siku uliyoahidi. Ukimwambia mwenzako kwamba majabali ya upande ule hushika rangi nzuri saa kumi na mbili jioni, wewe umepungukiwa nini? Wekeni watu wawili mbele ya jabali moja, na kila mmoja ataondoka na picha yake.

Wazee wetu wa enzi za mkanda walilijua hili kwa lazima. Mkanda ulikuwa na picha 36, na kosa lilionekana baada ya kusafishwa, wakati bwana harusi amekwisha kurudi kwao. Kwa hiyo waliulizana vipimo vya kamera bila haya: "Umeweka ngapi?" Na jibu lilikuja waziwazi: "Nane, kwa mia na ishirini na tano." Aliyejibu hakufilisika. Kamera za leo zinatuonyesha picha papo hapo, nasi tumedhani hatuhitaji tena kinywa cha jirani.

Tena madhara ya kununiana huyaona zaidi mteja kuliko sisi. Nendeni ukumbini wakati wa kukata keki. Wa picha za mnato anasimama mbele, wa video anamsukuma kwa kiwiko, mpiga picha wa tatu aliyeletwa na shangazi anapanda juu ya kiti. Baada ya wiki mbili familia inaketi kutazama video, na pale bibi harusi anapomlisha mama yake keki, kinachoonekana ni mgongo wa mwanamume mwenye shati jeupe. Mama huyo hatalishwa keki hiyo mara ya pili. Watu wamechanga miezi mingi kwa ajili ya siku ile, na sisi tumeiharibu kwa sababu hatukuzungumza dakika mbili mlangoni: wewe kaa kulia, mimi kushoto; flashi yako ikiwaka nitangoja; kanisani hakuna kupita mbele ya altare. Ndugu zangu, dakika mbili!

Na mgeni akija kutoka Dar es Salaam au Arusha na lenzi ndefu kuliko mkono, tusimkunjie uso. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye hajui njia ya kufika Ziwa Kindai wala nyumba gani ya kubisha hodi kabla ya kupiga picha ng'ombe wa watu. Wewe wajua. Naye huenda ana betri ya ziada siku betri yako inapozima.

Atakayesema kwamba ushindani hauruhusu haya, na akumbuke Mogadishu. Mashirika ya habari ya Reuters na AP hushindana kwa dakika, pengine kwa sekunde. Hata hivyo, tarehe 12 Julai 1993, helikopta za Marekani ziliposhambulia nyumba walimokusanyika wazee wa Kisomali, watu wa mashirika hayo mawili walikwenda pamoja kushuhudia. Umati wenye uchungu uliwageukia. Walikufa Dan Eldon wa miaka 22, Hos Maina na Anthony Macharia, wote watatu wa Reuters, na Hansi Krauss, Mjerumani wa AP. Mohamed Shaffi, mpiga video wa Reuters, alinusurika na majeraha. Mwajiri wa Krauss alikuwa mpinzani wa mwajiri wa Maina, lakini kwenye hatari ile kila mmoja alimhitaji mwenzake. Sisi tunaogombea keki na ndege tuna udhuru gani wa kunyimana salamu?

Asubuhi ya pili nilirudi Singidani. Kijana yule alikuwapo, amesimama mbali. Safari hii sikungoja.

"Pole na kazi, mdogo wangu."

Alishtuka kidogo. "Asante. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo tukae nyuma ya jabali hili. Tukitulia watasogea wenyewe."

Tuliketi muda mrefu, upepo ukitupiga mgongoni. Jua lilipochomoza heroe walianza kurudi, wachache kwanza, kisha kundi zima, hadi tukasikia miguu yao ikikanyaga maji. Kijana akainua kamera polepole, akaishusha, akaniinamia na kunong'ona:

"Mzee, umeweka ngapi?"