Machimbo Yakifungwa, Mkoa Ubaki na Nini?

Machimbo ya dhahabu ya Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, yalifunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa mitambo ilipoanza kunguruma alikuwa bado yu katika shule ya msingi wakati iliponyamaza. Twalikumbusha jambo hili kwa kuwa wako wenzetu, katika Geita, Shinyanga na Mara, wanaosema juu ya dhahabu kana kwamba ni mto usiokauka. Pamba ikivunwa hupandwa tena msimu ujao. Jiwe likichimbwa limekwisha.

Geita yenyewe yalijua jambo hili. Machimbo yake ya zamani yalifungwa mwaka 1966, na machimbo makubwa hayakurudi mpaka mwaka 2000.

Basi na tufanye hesabu. Tangu mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ipelekwayo nchi za nje ni asilimia 6, nao huingia Serikali Kuu. Ushuru wa huduma unaokwenda kwa halmashauri ulikuwa kwa miaka mingi asilimia 0.3. Kwa viwango hivyo, dhahabu ya shilingi milioni 1 ikiuzwa, hazina ya taifa hupata shilingi 60,000, na wilaya yenye shimo hupata 3,000. Hatusemi kwamba huo ni udhalimu, kwani fedha za hazina hujenga zahanati hata katika wilaya zisizo na machimbo. Na hata hizo 3,000 hazikupatikana kwa urahisi: kwa miaka mingi machimbo makubwa, kwa mujibu wa mikataba ya zamani, yalizipa halmashauri dola 200,000 tu kwa mwaka, dhahabu ipande bei isipande. Lakini mkoa unaotegemea ushuru peke yake umejikinga mvua kwa ungo.

Faida kubwa ya mkoa imo katika mishahara na manunuzi. Machimbo hula kila siku: mchele, nyama, mboga, sare, viatu, chokaa, mipira ya chuma ya kusagia mawe, na ufundi wa magari. Kanuni za mwaka 2018 zataka Mtanzania atangulizwe katika biashara hiyo, na sisi twaziunga mkono kwa moyo wote. Ila tutazame vizuri ni nani huyo anayetangulizwa. Yuko mfanyabiashara mwenye ofisi, muhuri na simu, asiye na ghala wala cherehani hata moja. Huagiza viatu ng'ambo, akavipitisha langoni, akatia faida mfukoni. Huyo ametimiza kanuni, lakini siku lango likifungwa hana alichokiacha. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyejifunza kazi machimboni ni mtu mwingine kabisa. Kahama ni mji wa vinu vya mpunga, na vinu huharibika. Mkono wake una kazi hata dhahabu ikiisha.

Wachimbaji wadogo nao wasisahauliwe. Tangu masoko ya madini yafunguliwe mwaka 2019, Geita ikiwa miongoni mwa ya kwanza, wengi wao huuza mbele ya mizani ya Serikali badala ya kunyonywa vichochoroni. Shilingi ya mchimbaji mdogo hailali: hununua mabati, pikipiki, na mchele wa jirani. (Zebaki wanayoitumia yatutia hofu kubwa, nayo tutaizungumza siku yake.)

Kwa hiyo twawaomba wafanyakazi wa machimbo, kupitia vyama vyao, wadai jambo moja zaidi ya mshahara: kila fundi aliyejifunza kazini apimwe na VETA apewe cheti, ili ujuzi wake usizikwe pamoja na shimo. Na wanachama walio madiwani, ambao kwa sheria ya mwaka 2017 halmashauri zao hukubaliana na machimbo kila mwaka juu ya misaada kwa wananchi, waulize kama fedha zakwenda kwenye barabara ya mpunga na chuo cha ufundi, au kwenye viti vya ukumbi.

Pale Buzwagi, Serikali imekusudia pawe mahali pa viwanda. Twangojea kuona ni kiwanda gani kitakachonunua mpunga na pamba ya Kahama, na ni mafundi wangapi wa machimbo yale watakaoandikwa kazi humo.