Muuguzi wa saratani hajachoka, amechoshwa

Mwezi Julai mwaka wa 2019 taifa letu lilifikwa na misiba mitatu kwa mfululizo. Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth na Gavana wa Bomet Joyce Laboso waliaga dunia katika mwezi huo mmoja, wote wakiwa wameugua saratani. Wengi wetu twaikumbuka rabsha ya maneno iliyofuata. Zilidaiwa mashine za mionzi, zikadaiwa dawa, ikadaiwa saratani itangazwe kuwa janga la kitaifa. Madai hayo yalikuwa ya haki, na baadhi yametimizwa: leo vituo vya umma vya tiba ya mionzi viko pia Mombasa, Nakuru na Garissa, ilhali kwa miaka mingi mnyonge hakuwa na pa kwenda isipokuwa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Hata hivyo, katika kelele zile zote, ni wachache mno waliouliza nani atakayekaa na wagonjwa hao usiku.

Anayekaa nao ni muuguzi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka wa 2022 yalionyesha kuwa Wakenya zaidi ya 44,000 waligunduliwa kuwa na saratani mwaka huo, na zaidi ya 29,000 wakafa kwayo. Tazama uwiano wa tarakimu hizo. Aghalabu wagonjwa wetu hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa, na kwa hiyo muuguzi wa wadi ya saratani huwahudumia kwa miezi mingi watu ambao wengi wao hawatarudi nyumbani. Yule wa wadi ya kujifungulia naye huona vifo, lakini huona pia vilio vya watoto wachanga.

Hali impatayo mtu katika kazi ya namna hiyo ilipewa jina la Kiingereza na Herbert Freudenberger, mtaalamu wa saikolojia mjini New York, mwaka wa 1974. Baadaye Christina Maslach aliichambua na kubainisha dalili zake tatu: kuishiwa na hisia, kumwona unayemhudumia kama kitu, na kuamini kuwa juhudi zako hazina tija. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hiyo si maradhi, bali ni tukio la kikazi litokanalo na shinikizo sugu la mahali pa kazi lisiloshughulikiwa ipasavyo.

Kiswahili tumezoea kuiita "uchovu". Nina shaka na neno hilo. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili anajua kwamba katika "nimechoka" hakuna mtendaji mwingine. Uchovu ni wangu, nikilala utaisha. Lakini katika "nimechoshwa" kuna viambishi viwili vinavyotulazimu kuuliza: na nani? Maelezo ya Shirika la Afya Duniani yanakubaliana na kauli hii ya pili. Muuguzi tunayemzungumzia amechoshwa, na aliyemchosha anajulikana. Ni mwajiri aliyemwachia wagonjwa wengi kupita kiasi, akamnyima mapumziko baada ya vifo vitatu katika zamu moja, kisha akamwita kwenye semina ya siku moja kumfundisha uvumilivu.

Kuna mzigo mwingine usioandikwa katika kandarasi yoyote, nao unanihusu kwa kuwa ni mzigo wa lugha. Daktari hupita asubuhi akifuatwa na wanafunzi wake. Husema kwa Kiingereza kwamba ugonjwa umefika kwenye ini, huandika, huondoka. Mgonjwa, huenda ni mkulima kutoka Kitui au mvuvi wa Homa Bay, humgeukia muuguzi: "Amesema nini?" Hapo ndipo kazi inapoanza. Muuguzi aseme ugonjwa "umeenea", "umesambaa" au "umehama"? Kila kitenzi kina uzito wake, na hakuna aliyemfundisha kuvipima. Isitoshe, mlangoni mtoto wa mgonjwa amekwisha kumshika mkono akimsihi, "Sista, tafadhali usimwambie mama." Saa tisa alasiri mama yuyo huyo anamuuliza, "Mwanangu, nitapona?" Lolote atakalojibu atalala nalo, na kesho yuko mwingine wa kuuliza swali lilo hilo. Mwanasosholojia Arlie Hochschild, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1983, alionyesha kwamba kuzitawala hisia zako kwa ajili ya mwingine ni kazi hasa kama kubeba mawe. Yeye aliwachunguza wahudumu wa ndege, ambao kwa kawaida abiria wao hushuka salama.

Dalili ya pili ya Maslach niliwahi kuisikia kwa masikio yangu nilipokuwa nikimuuguza jamaa yangu. Muuguzi mmoja alimwambia mwenzake: "Kitanda cha tisa kinaomba maji." Wanafunzi wa ngeli wataona mara moja kilichotendeka. Binadamu ametolewa katika A-WA akatiwa katika KI-VI, na upatanisho wa kisarufi ukafuata bila hata kusitasita. Sikumwona kuwa mtu mwovu. Maji yaliletwa, tena yalikuwa ya vuguvugu, kama mgonjwa alivyopenda. Nadhani ngeli ile ilikuwa ngao yake. Kitanda kikiwa tupu kesho asubuhi, hakihitaji kuliliwa.

Sisi nao tuna maneno yetu ya kujikinga. Twapenda kusema uuguzi ni "wito". Wauguzi walipogoma mwaka wa 2017, mgomo uliodumu takriban miezi mitano, niliwasikia watu wenye elimu zao wakilalama kwamba wito umesahaulika. Walimu wasomao safu hii wanaifahamu vyema hoja hiyo, maana nao hutupiwa kila wanapodai haki yao. Aliyeitwa, yaonekana, haulizi mshahara wala idadi ya wagonjwa. Basi wengine wameitika wito wa mbali zaidi: mwaka wa 2021 serikali yetu ilitia saini mkataba na Uingereza wa kuwapeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi huko. Siwalaumu waendao. Lakini kila aondokaye mwenye uzoefu humwachia mwenzake vitanda vyake.

Matunzo ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona twayaita tibashufaa, na walioliteua neno hilo walifanya vyema. Shufaa ni maombezi, nalo haliko mbali kiasili na "shufwa", namba igawanyikayo kwa mbili. Mwenye kukufanyia shufaa husimama nawe ili usiwe witiri, usiwe peke yako. Hospitali zetu zimemweka muuguzi awe wa pili kwa mgonjwa, lakini wa pili kwa muuguzi hawajamweka.

Tangu mwaka wa 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti, na magavana wana la kufanya mbali na kuzindua majengo. Waajiri wauguzi waliohitimu ambao wamekaa bila kazi. Wawape wa wadi za saratani zamu za kupokezana na wadi nyingine, na mshauri nasaha wa kuzungumza nao katika saa za kazi, si baada yake. Daktari naye akae kitako dakika kumi, pamoja na muuguzi, aeleze habari yake mbaya kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa.

Vyuo vikuu pia tusijitoe. Idara zetu za Kiswahili zimetunga istilahi za isimu kwa wingi, hata za dhana ambazo hutumiwa na watu wasiozidi darasa moja. Tunaweza kukaa na wauguzi na madaktari tukawaandalia faharasa ya saratani kwa Kiswahili na kwa lugha zinazozungumzwa wadini, pamoja na somo fupi la kupasha habari mbaya katika vyuo vya mafunzo ya uuguzi. Mada za tasnifu za muhula huu bado hazijapitishwa katika idara yangu. Ningependa kuona hata moja ya aina hiyo mezani.