Adabu ya Watazamaji

Siku moja wageni walikuja shuleni kwetu kucheza mpira wa miguu. Mlinda mlango wao aliteleza, tukapata goli, na wanafunzi wetu wakamzomea hata akalia. Tulishinda, lakini mimi niliona haya. Mgeni aliyekula ugali wetu mchana, jioni twamzomeaje?

Nanyi msemao, "Sisi hatuchezi, twatazama tu," fikirini. Wachezaji ni kumi na mmoja. Watazamaji ni shule nzima. Mgeni akirudi kwao atasimulia habari zenu kabla ya habari za mpira.

Mwaka 2018, huko Urusi, timu ya Japani iliongoza kwa magoli 2, kisha ikashindwa na Ubelgiji kwa magoli 3 kwa 2. Watazamaji wa Japani walihuzunika, lakini kabla ya kuondoka waliokota taka mahali walipoketi. Hawakujifunza siku ile: kwao watoto hufagia shule zao wenyewe.

Basi shangilieni timu yenu kwa nguvu zote. Mgeni akicheza vizuri, mpigieni makofi. Mkishindwa, mpeni mkono. Wahenga walinena: Asiyekubali kushindwa si mshindani.