Milksheki mjini Goma: utamu unaanzia kwenye barabara ya Masisi

Mtu akiuliza wapi kuna milksheki nzuri Goma, wengi watamtuma kwenye mahoteli ya kando ya ziwa kule Himbi, ao kwenye maduka ya katikati ya mji yenye frigo na miksa. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Miksa ni ile ile mahali pote. Kinachotofautisha glasi moja na ingine ni maziwa, umeme na maji. Na vyote vitatu vimeguswa na vita.

Maziwa yenye haraka

Tuanzie kwa maziwa. Goma imezoea kunywa maziwa ya milima ya Masisi. Wafugaji wanakamua asubuhi mapema, maziwa yanamiminwa ndani ya bidoni, motari anayafunga kwenye moto na kushuka kupitia Sake, karibu kilometa 25 magharibi ya mji. Safari hiyo haitaki kuchelewa. Maziwa mabichi yasiyo na baridi yanaanza kuchacha kisha masaa machache tu.

Ndiyo sababu fromaji ya Masisi ilipata jina. Kilo moja inaomba karibu litre 10 za maziwa, lakini fromaji inaweza kungojea barabara ifunguliwe. Maziwa hayangojei. Motari akizuiliwa nusu siku, kile kinachofika Goma ni mashanza. Mashanza ni chakula kizuri, watu wanaipenda na viazi, lakini mtu hawezi kuitengenezea milksheki ya ndizi ao ya avoka yenye utamu ule unaotafutwa.

Na vya kuzuia njiani havikosekani. Mwaka 2017, watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, na kwenye vingi watu walilipishwa ili wapite. Februari 2024, mapigano kandokando ya Sake yalibana barabara ya kuelekea Masisi. Mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 ilikamata Sake, kisha Goma yenyewe. Lakini silaha hazikunyamaza Masisi: mapigano kati ya M23 na Wazalendo yaliendelea vijijini. Ng'ombe wanaibiwa, malisho yanaachwa, familia zinakimbia. Ng'ombe akipotea, si maziwa ya siku moja yanayopotea. Ni karo ya shule na dawa za nyumba nzima.

Unga wa maziwa unaingia

Wakati barabara inafungwa, muuzaji hafungi duka. Anachukua maziwa ya unga, ao ya pakiti yanayopitia mipaka ya Rwanda na Uganda. Si vibaya kwa afya: maziwa ya pakiti yamekwisha kupikwa kiwandani, na unga unaongeza uzito ndani ya glasi. Mnywaji pengine hataona tofauti kubwa.

Tofauti iko kwa njia ya makuta. Glasi ya maziwa ya Masisi inalipa mfugaji, motari na mama anayeuza sokoni. Glasi ya maziwa ya unga inalipa kiwanda cha mbali, ushuru wa mpaka na usafiri. Na tangu benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, makuta mkononi yakawa machache. Kila franka inayovuka mpaka inaacha pengo huku.

Barafu inatoka wapi?

Jambo la tatu, ambalo wanywaji wengi hawaulizi, ni baridi. Milksheki inaomba frigo isiyozima. Wakati wa mapigano ya Januari 2025, umeme ulikatika, na pompu za maji zikasimama pamoja nao. Watu wengi walishuka kuteka maji ya Ziwa Kivu. Siku kama hizo, muuzaji asiye na jenereta anaweza kugandisha tena kitu kilichokwisha kuyeyuka, na barafu inaweza kutengenezwa na maji yasiyotiwa dawa. Kipindupindu si kigeni Goma, na baridi ya barafu haiui vidudu vyake. Inavilaza tu.

Maziwa mabichi nayo yanaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, unaompa mtu homa ya kurudirudi, na hata kifua kikuu cha ng'ombe. Dawa yake ni moto. Nyumbani, kuyachemsha mpaka yafure kunatosha, kisha yapoe ndani ya chombo safi chenye kifuniko.

Basi, wapi pazuri?

Pazuri ni pale muuzaji anapojibu maswali matatu bila kukasirika: Maziwa haya yametoka wapi na lini? Yamechemshwa? Barafu ni ya maji gani? Mama wa soko la Virunga ao la Birere anayejibu vizuri anaweza kumshinda mwenye viti vya bei kali kando ya ziwa. Na kama maziwa ni ya unga, aseme tu ni ya unga.

Lakini mnywaji peke yake hawezi kutengeneza hali hii. Mitambo ya kupoza maziwa karibu na Sake, yenye umeme wa kutegemewa, ingempa mfugaji siku moja ao mbili za kupumua badala ya masaa machache. Hata hivyo, mtambo hauna faida kama motari bado analipishwa kila kona, ao kama ng'ombe wamekwisha kupelekwa. Anayeshika barabara ya Sake leo, kwa silaha yoyote, ndiye anayeamua kama mtoto wa Goma atakunywa maziwa ya nyumbani ao ya mkebe.