Injini Iliyofunguliwa Haijafa

Matangazo ya magari ya mkononi hayakosi maneno haya: "injini haijafunguliwa". Muuzaji huyaandika kama cheti cha uzima, na mnunuzi huyapokea hivyo hivyo. Imani iliyo nyuma yake imeota mizizi kuanzia gereji bubu hadi sebuleni: injini ikishafunguliwa imekwisha, heri ununue nyingine ya mtumba kutoka Japani. Imani hiyo ni potofu, na inamkatisha tamaa mtu anayetaka kuifufua injini ya gari lake kwa mikono yake kabla hata hajashika spana.

Hakuna injini iliyozaliwa imefungwa. Kila moja iliunganishwa kipande kwa kipande, kwa vipimo vilivyoandikwa. Tazama ndege ndogo zinazotumia injini za pistoni. Kampuni ya Lycoming inapendekeza injini zake nyingi za O-320 na O-360 zifunguliwe na kukarabatiwa upya kila zifikishapo saa 2,000. Zikishafungwa zinarudi angani na abiria wanapanda. Kama kufungua injini kungekuwa kuiua, rubani gani angethubutu?

Kinachoua injini ni kuifunga bila kupima. Mteja anataka gari lake kesho, basi fundi anatia ringi mpya bila kujua kama silinda imelika upande. Anasugua uso wa hedi kwa msasa badala ya kuupeleka kwa wachongaji. Anarudisha bolti zilizokwisha kuvutika, anazikaza kwa nguvu za mkono, kisha anafunika mashaka yake kwa silikoni. Moshi wa bluu ukirudi, lawama inaiangukia injini.

Chukua 1NZ-FE, injini iliyomo katika Toyota IST na Probox nyingi za barabara zetu. Bolti za hedi yake hukazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa nguvu ya Nm 29. Kisha kila bolti huzungushwa nyuzi 90, halafu nyuzi 90 nyingine. Hakuna mkono unaoweza kukisia hayo, hata uwe na uzoefu wa miaka 30. Vivyo hivyo mwanya kati ya krenkshafti na beringi zake, ambao ni sehemu ndogo sana ya milimita. Ukibana mno, oili haipiti. Ukilegea mno, presha ya oili inashuka na injini inaanza kugonga.

Hapo ndipo anayefanya kazi hii uani kwake kwa mara ya kwanza anapopata nafuu: hana mteja wa kumharakisha. Anaweza kupiga picha kila hatua, kuweka alama kwenye vifuniko vya konrodi ili kila kimoja kirudi mahali pake, na kusoma kitabu cha injini hiyo mara mbili. Kuchonga bloku, hedi na krenkshafti awaachie wachongaji, na asinunue pistoni wala ringi kabla vipimo havijapatikana. Silinda zikishasuguliwa upya, aoshe bloku kwa maji ya moto na sabuni, maana unga wa jiwe la kusugulia ukibaki utazila ringi mpya. Na siku ya kuwasha, azungushe injini kwanza bila moto hadi taa ya oili izimike.

Zipo injini zisizofaa kufufuliwa. Bloku ikiwa imepasuka, au silinda zimelika kupita kiwango, vipimo ndivyo vitakavyokuambia uiache. Lakini injini ya mtumba unayokimbilia dukani, nani atakuonyesha oili yake ilibadilishwa lini?

Kwa hiyo wewe unayesita, tafuta kitabu cha injini yako, azima maikromita na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kisha anza. Usifunge kitu ambacho hujakipima.